Anwani Inayoonekana: Somo Kuhusu Matangazo ya Mtandao, kwa Mfano wa Alizeti ya Singida

Mkoa wa Singida unajulikana nchini kote kwa alizeti. Msafiri apitaye barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Mwanza huyaona madumu na chupa za mafuta zimepangwa kando ya njia, wala hahitaji kusoma bango lolote ili ajue kinachouzwa. Mnunuzi aliyeko Kariakoo au Mwanza hana urahisi huo. Yeye huchukua simu, huandika maneno mawili matatu katika kitafutio, yaani mtambo wa kutafuta habari katika mtandao kama vile Google au Bing, kisha huletewa orodha. Juu ya orodha hiyo aghalabu huwapo matangazo yaliyolipiwa. Kila tangazo lina kichwa, maelezo mafupi, na mstari mmoja mdogo ambao wengi wetu huupita bila kuutazama. Mstari huo ni anwani.

Makala haya yanauhusu mstari huo. Kwa mwenye mashine ya kukamulia alizeti, waweza kuamua kama fedha yake ya matangazo italeta wanunuzi au itateketea bure. Kwa mwanafunzi atafutaye matokeo ya mtihani wake, waweza kuamua kama nywila yake na fedha ya mzazi wake zitabaki salama. Mambo hayo mawili yana elimu moja ndani yake, na elimu hiyo si ngumu kwa mwanafunzi wa sekondari.

Jinsi anwani inavyosomwa

Kompyuta zilizounganishwa katika mtandao hazitambuani kwa majina bali kwa namba. Namba za mfumo wa kwanza ulioenea zina tarakimu 32 za mfumo wa jozi, kila tarakimu ikiwa 0 au 1, na kwa hiyo jumla ya namba zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296. Binadamu hawezi kukariri namba hizo. Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani Paul Mockapetris alibuni utaratibu wa kuyageuza majina kuwa namba, na ndio tunaoutumia hadi leo.

Utaratibu huo unafanana sana na anwani ya posta. Bahasha itokayo Ulaya imeandikwa jina la mtu, kisha sanduku la posta, kisha Singida, kisha Tanzania. Karani wa posta wa London hasomi jina la mtu. Humtosha kuona Tanzania. Karani wa Dar es Salaam humtosha kuona Singida. Ni karani wa Singida tu mwenye haja ya kujua namba ya sanduku. Kila mmoja husoma kuanzia mwisho wa anwani, kutoka eneo kubwa hadi dogo. Jina la tovuti nalo husomwa vivyo hivyo, toka kulia kwenda kushoto. Katika jina kinuchetu.co.tz, ambalo tumelibuni kwa ajili ya somo hili, kompyuta huuliza kwanza habari za tz, yaani Tanzania, ukoo uliosajiliwa kimataifa mwaka 1995. Kisha co, yaani fungu la biashara. Kisha kinuchetu, yaani mwenye mali. Chini ya tz yako mafungu mengine: go.tz kwa Serikali, ac.tz kwa vyuo, sc.tz kwa shule, or.tz kwa mashirika yasiyo ya kibiashara. Fungu la go.tz halipewi mtu binafsi. Ndiyo maana mtu akutanapo na singida.go.tz aweza kuwa na hakika kwamba ni tovuti ya Serikali ya Mkoa, hata kama hajawahi kufika huko.

Baada ya jina huja alama ya mkwaju, na kutoka hapo mwendo wa kusoma hugeuka. Sehemu iliyo kulia ya mkwaju husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, toka jambo kubwa hadi dogo, mithili ya mgeni aingiaye nyumbani: kwanza sebule, kisha chumba, kisha kabati. Sehemu hiyo tutaiita njia. Katika kinuchetu.co.tz/mafuta/bei jina ni kinuchetu.co.tz, na njia ni mafuta, kisha bei.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kanuni moja tu ya kushika: tafuta mkwaju wa kwanza ulio peke yake, kisha tazama maneno yanayougusa kwa upande wa kushoto. Hayo ndiyo yanayomtaja mwenye tovuti. Mengine yote, yawe mbali zaidi kushoto au yawe kulia kwa mkwaju, mwenye tovuti huyaandika apendavyo.

Anwani mbili katika tangazo moja

Sasa tuje kwenye tangazo. Biashara ya kuuza nafasi katika vitafutio kwa malipo ya kila mbofyo ilianzishwa na kampuni ya GoTo.com ya Bill Gross huko California mwaka 1998. Google ilianzisha huduma yake ya AdWords mwezi Oktoba 2000, na tangu Julai 2018 huduma hiyo huitwa Google Ads. Katika huduma za namna hii tangazo lina anwani mbili. Ya kwanza ni anwani ya mwisho, yaani ukurasa halisi ambao mteja atafikishwa. Hiyo yaweza kuwa ndefu na ya kuchukiza, imejaa alama za kuulizia na tarakimu. Ya pili ni anwani inayoonekana, ambayo msomaji huiona chini au juu ya kichwa cha tangazo.

Hadi mwaka 2016 mtangazaji wa Google aliiandika anwani inayoonekana yeye mwenyewe, isizidi herufi 35. Mwaka huo utaratibu ulibadilishwa. Jina la tovuti sasa huchukuliwa na mtambo wenyewe kutoka katika anwani ya mwisho, ili mtu asionyeshe jina moja na kumpeleka msomaji kwenye jingine. Mtangazaji ameachiwa njia tu, nayo ina visanduku viwili, kila kimoja kisizidi herufi 15. Na hapa pana jambo la ajabu kidogo: njia hiyo si lazima iwe ya kweli. Ukurasa wa kinuchetu.co.tz/mafuta/alizeti huenda haupo kabisa. Njia inayoonekana ni kama kibao juu ya mlango wa duka. Kazi yake ni kumwambia mpita njia atakachokikuta ndani.

Herufi 15 ni chache, na lugha yetu ina tabia zake. Mtu akitaka kuandika mafuta-ya-alizeti, atahesabu herufi 17 pamoja na vistari, na kisanduku kitakataa. Atalazimika kugawanya: mafuta katika kisanduku cha kwanza, alizeti katika cha pili. Huo si Uswahili sanifu, lakini mkwaju hushika nafasi ya kihusishi, na jicho la msomaji huelewa. Maneno alizeti-singida yana herufi 15 kamili, kana kwamba kisanduku kilitengenezwa Singida. Vitunguu havina bahati hiyo, maana vitunguu-singida ni herufi 16. Asali ya Itigi hutosha (14), asali ya Manyoni haitoshi (16). Kuku wa kienyeji nao huzidi kwa herufi moja. Mazoezi ya kuhesabu namna hii huwafurahisha wanafunzi wa kidato cha kwanza kuliko mwalimu anavyotarajia.

Jina la tovuti lina masharti makali zaidi kuliko njia. Katika utaratibu wa awali huruhusiwa herufi za a hadi z, tarakimu na kistari tu. Kila kipande kisizidi herufi 63. Na herufi kubwa na ndogo huhesabiwa sawa. Kiswahili kimefaulu hapa kuliko Kifaransa au Kijerumani, kwa kuwa hatuna alama za juu wala za chini ya herufi. Ila tuna ng'. Mfugaji atakaye kuweka neno ng'ombe katika jina la tovuti yake atalazimika kuacha king'ong'o na kuandika ngombe, na hana njia nyingine.

Tatizo jingine ni kuunganisha maneno. Jina la tovuti halina nafasi tupu, na vitafutio huonyesha majina hayo kwa herufi ndogo tupu, hata kama mwenyewe aliyapamba kwa herufi kubwa. Mfanyabiashara akijisajili kwa jina la kukuzaitigi, msomaji mmoja atasoma «kukuza Itigi» na kudhani ni chama cha maendeleo. Mwingine atasoma «kuku za Itigi», kwa sarufi ya sokoni. (Sarufi ya darasani ingetaka «kuku wa Itigi», na jina lingekuwa salama zaidi, nafurahi kuona sarufi nayo ina faida ya fedha.) Kistari chaweza kutenganisha maneno, lakini kistari nacho kina gharama yake. Katika nchi yetu anwani hupitishwa kwa mdomo: hutajwa redioni, hutamkwa katika simu, huandikwa juu ya kipande cha boksi. Jina lenye vistari vitatu halipiti vizuri katika njia hiyo. Vilevile wapo wasemaji wengi wanaobadilishana r na l. Kitafutio chenyewe kitawasaidia kusahihisha, lakini jina la tovuti halisahihishwi na mtu. Kwa maoni yangu, kipimo bora cha jina ni kulitamka mara moja katika simu yenye kelele, na kumtaka aliye upande wa pili aliandike.

Kwa sababu hiyo hiyo, mtangazaji afanye njia ya kubuni iwe ya kweli. Akionyesha /mafuta/alizeti, na mtu akaiandika anwani hiyo kwa mkono wiki ya pili yake, asimkute na ukurasa usiopatikana. Fundi wa tovuti aweza kuweka agizo la kumpeleka mgeni huyo kwenye ukurasa wa kweli kwa dakika chache.

Hesabu za mnada

Kila mtu anapotafuta neno, mtambo huendesha mnada mdogo miongoni mwa watangazaji wa neno hilo. Ungedhani anayetoa bei kubwa hushika nafasi ya juu. Sivyo. Tangu mwaka 2002 Google imekuwa ikizidisha bei ya mtangazaji kwa makadirio ya mara ngapi tangazo lake litabofywa. Kanuni kamili ya siku hizi ina mambo zaidi, lakini kiini chake ni hicho.

Tuchukue tarakimu za kubuni. Mtangazaji wa kwanza anatoa shilingi 300 kwa mbofyo, na tangazo lake hubofywa mara 2 katika kila mara 100 lionyeshwapo. Wa pili anatoa shilingi 200, lakini lake hubofywa mara 4 katika 100. Kwa wa kwanza, 300 × 0.02 = 6. Kwa wa pili, 200 × 0.04 = 8. Wa pili hukaa juu, na hulipa kiasi cha kumshinda jirani yake tu, yaani zaidi kidogo ya 6 ÷ 0.04 = shilingi 150. Anwani iliyo wazi humvuta msomaji, na hivyo hupunguza bei ya mbofyo. Hapo ndipo wengi huishia.

Lakini mbofyo si mauzo. Tuseme mbofyo ni shilingi 200, wageni ni 100, na gharama ni shilingi 20,000. Wageni wengi wanataka chupa ya lita moja, na kiwanda hakisafirishi chupa moja kwenda Dar es Salaam. Wawili tu wananunua, dumu moja moja, kwa faida ya shilingi 5,000 kwa dumu. Faida ni 10,000. Hasara ni 10,000. Sasa mwenye kiwanda aongeze kisanduku cha pili: alizeti/bei-ya-jumla. Wenye haja ya chupa moja watasoma «jumla» na kupita. Tuseme wageni wanapungua hadi 60 na gharama kuwa shilingi 12,000, ila watatu wananunua madumu matano kila mmoja. Faida ya madumu 15 ni shilingi 75,000. Anwani imemfukuza mtu asiyehitajika bila kumtoza mwenye tangazo hata senti.

Msomaji makini ataona mvutano hapa. Neno linalowafukuza wasiofaa hupunguza mibofyo, na mibofyo ikipungua mtambo humshusha mtangazaji au kumtoza zaidi. Hakuna kanuni moja ya kuumaliza mvutano huo. Inategemea faida ya kila mauzo. Muuza mashudu kwa wafugaji, ambaye faida yake kwa gunia ni ndogo, atahitaji kuchuja zaidi kuliko muuza mashine ya kukamulia.

Mizani ya majaribio

Njia ya kisayansi ni kujaribu anwani mbili kwa wakati mmoja. Tuseme tangazo lenye njia ya /mafuta/alizeti lilionyeshwa mara 1,000 na kubofywa mara 30, na lenye /alizeti-singida lilionyeshwa mara 1,000 na kubofywa mara 42. Wafanyabiashara wengi wangetangaza mshindi papo hapo. Mwalimu wa hisabati asiwaruhusu. Wastani wa jumla ni 72 ÷ 2,000 = 0.036. Kipimo cha mtikisiko wa bahati nasibu katika tofauti ya mafungu mawili ni kipeuo cha pili cha 0.036 × 0.964 × (1/1,000 + 1/1,000), nacho ni karibu 0.0083. Tofauti tuliyoiona ni 0.042 − 0.030 = 0.012, yaani mara 1.4 tu ya mtikisiko huo. Desturi ya wanatakwimu ni kutaka ifike karibu mara 2 kabla ya kuamini. Iwapo matangazo yangeonyeshwa mara 4,000 kila moja na uwiano ukabaki ule ule, mtikisiko ungeshuka hadi 0.0042, na tofauti ingekuwa mara 2.9. Hapo tungeamini.

Pia isifanywe anwani moja ijaribiwe mwezi wa Machi na nyingine Julai. Alizeti ya Singida ikishavunwa, bei hushuka na wanunuzi huongezeka, na tutakuwa tumepima msimu badala ya anwani.

Jina la Singida ni la nani?

Tumesema kwamba njia inayoonekana haihakikishwi kama jina linavyohakikishwa. Kwa hiyo mchuuzi wa mji wowote, mwenye mafuta ya mahali popote, aweza kuandika /alizeti-singida. Masharti ya matangazo hukataza udanganyifu, lakini mtambo hauwezi kuonja mafuta. Sifa iliyojengwa na wakulima wa Iramba, Mkalama na Ikungi kwa miaka mingi yaweza kutumiwa na mtu ambaye hajawahi kushika jembe huko. Kinga iliyo karibu zaidi ni jina lenyewe. Majina ya tovuti hutolewa kwa anayetangulia kuomba. Vyama vya ushirika vya mkoa huo vingefanya vema kusajili mapema majina yanayovifaa, hata kama tovuti yenyewe itajengwa baadaye.

Udanganyifu mkubwa zaidi huwapata wasomaji. Tarehe 21 Desemba 2022 Idara ya Upelelezi ya Marekani, FBI, iliwatahadharisha wananchi kwamba wahalifu walikuwa wakinunua matangazo ya vitafutio na kujifanya kampuni zinazojulikana. Mwezi Oktoba 2023 wachunguzi wa usalama walifichua tangazo bandia la programu ya kutunza nywila iitwayo KeePass. Wahalifu walitumia ruhusa ya kuweka herufi zisizo za Kiingereza katika majina ya tovuti, wakachukua k yenye mkia mdogo chini yake. Katika kioo cha simu mkia huo ulionekana kama chembe ya vumbi. Jina lilikuwa jingine kabisa, na aliyebofya alipewa programu yenye madhara. Hapo jicho la mtu ndilo lililodanganyika.

Wanafunzi wetu hutafuta matokeo ya Baraza la Mitihani na fomu za mikopo ya elimu ya juu kila mwaka, wengi wao kwa simu ya kuazima na kwa haraka. Tovuti za taasisi hizo ni necta.go.tz na heslb.go.tz. Mtu akiona necta.go.tz.matokeo.mfano/kidato-cha-nne, ambapo tumeweka neno mfano mahali pa ukoo wa kweli, asiridhike kwa kuona go.tz katikati. Atafute mkwaju wa kwanza na kusoma kushoto kwake: mwenye tovuti ni matokeo.mfano, wala si Baraza. Hata anwani iliyo sahihi ikiwa ndani ya tangazo, ni heri kuiandika kwa mkono kuliko kuibofya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu kuwa mkosaji mtu ajifanyaye mtu mwingine kwa kutumia kompyuta, lakini sheria hufika baada ya fedha kuondoka.

Maswali kwa wanafunzi

1. Tunga njia ya visanduku viwili kwa ajili ya vitunguu vya Singida viuzwavyo kwa magunia. Kila kisanduku kisizidi herufi 15, na msomaji ajue bila shaka kwamba rejareja haiuzwi.

2. Kati ya anwani hizi, ipi ni ya Serikali ya Mkoa, na umejuaje: singida.go.tz/alizeti, singida-go-tz.mfano/alizeti, alizeti.mfano/singida.go.tz?

3. Mtangazaji mmoja anatoa shilingi 250 na hubofywa mara 3 katika 100. Mwingine anatoa shilingi 400 na hubofywa mara 2 katika 100. Nani atakaa juu, na atalipa angalau kiasi gani kwa mbofyo?

4. Anwani moja ilibofywa mara 50 katika 2,000, nyingine mara 64 katika 2,000. Kokotoa mtikisiko, kisha ueleze kama ungemshauri mwenye kiwanda aiache ile ya kwanza au aendelee kujaribu.